Lakiri nzima, kartoni pungufu: nani athibitishe nini mbele ya kampuni ya bima?

Swali lililoletwa ni hili. Msomaji, mfanyabiashara wa vipuri vya pampu, alinunua kartoni 600 kwa masharti ya CIF, yaani bei yenye mzigo, bima na nauli ya meli ndani yake, na muuzaji akamkabidhi hati ya bima iliyosainiwa nyuma ili haki zake zihamie kwake. Kontena lilishushwa melini, likakaa siku 19 katika yadi ya makontena, kisha likapelekwa kwa lori hadi ghalani kwake, ambako lilifunguliwa asubuhi iliyofuata. Lakiri, yaani muhuri wa mlango wa kontena, ilikuwa nzima na nambari yake ililingana na iliyoandikwa kwenye hati ya shehena, lakini ndani zilikutwa kartoni 452 tu. Kampuni ya bima imekataa kulipa kwa sababu tatu: hakuna uthibitisho kwamba kartoni 600 ziliwahi kupakiwa, bima ilikwisha pale mzigo ulipoachwa yadini, na ikiwa kweli umeibwa, basi mwizi ni dereva wa lori, na udanganyifu wa mtu aliyekabidhiwa mzigo hauhusiani na bima. Imepita miezi saba tangu kontena lipokewe. Msomaji anauliza kama dai lake limekufa, amshitaki nani, na kama apokee fedha kidogo alizoahidiwa na mwenye lori ili jambo liishe.

Ndugu msomaji, dai lako halijakufa, ingawa lina sehemu moja dhaifu ambayo sitakuficha. Kabla ya kufika huko, ni vema uelewe kwamba katika mashauri ya shehena iliyoibwa mahakama mara chache huhangaika na swali la nani aliiba. Mwizi hajulikani, na mara nyingi hatajulikana kamwe. Mabishano yote huzunguka mipaka miwili: kama mali ilianza safari, na kama ilitoweka kabla ya safari hiyo kuisha kwa maana ya mkataba wa bima. Sababu mbili za kwanza za kampuni yako zinagusa mipaka hiyo hasa, ndiyo maana nitazipa nafasi kubwa kuliko ya tatu.

Umesema hati yako imeandikwa kwamba bima ni kwa masharti ya Institute Cargo Clauses, yaani masharti sanifu ya bima ya shehena, herufi A, ya mwaka 2009. Hilo ni jambo la bahati kuliko unavyodhani. Chini ya Incoterms 2020, yaani kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, muuzaji wa CIF anatimiza wajibu wake hata akikata bima ya herufi C, ambayo ni kinga ya chini kabisa: inalipa kwa moto, kuzama au kukwama kwa meli, kugongana na mengine machache yaliyotajwa kwa majina, na wizi haumo. Herufi B nayo haina wizi, isipokuwa pakiwa na kifungu cha nyongeza cha wizi, udokozi na kutofika kwa mzigo. Ni katika masharti ya CIP (usafirishaji na bima vimelipiwa na muuzaji hadi mahali palipotajwa) tu ndipo muuzaji analazimika, tangu toleo hilo la 2020, kukata bima ya herufi A. Wapo wanunuzi wengi wa CIF ambao wamelipa bei yenye bima ndani yake, wakaibiwa, na ndipo wakasoma hati kwa mara ya kwanza na kukuta herufi C. Wewe una A, inayokinga hatari zote za upotevu na uharibifu isipokuwa zile zilizotengwa waziwazi.

Sasa mzigo wa kuthibitisha. Masharti hayo ya A yanasema yenyewe kwamba yatafuata sheria na desturi za Uingereza, na sheria mama huko ni Sheria ya Bima ya Baharini ya mwaka 1906, ambayo nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Uingereza zimeiiga karibu neno kwa neno. Katika shauri la Gaunt la mwaka 1921, lililohusu sufu iliyofika ikiwa imelowa, Baraza la Malodi likiwa mahakama ya juu liliamua kwamba mwenye bima ya hatari zote hahitaji kueleza hasara ilitokeaje hasa. Inatosha athibitishe kwamba mali ilipatwa na jambo la bahati mbaya wakati bima ikiwa hai, si jambo lililokuwa halina budi kutokea. Kwa hiyo kampuni haina haki ya kukuambia uonyeshe ni usiku upi, kwa mkono wa nani na kwa chombo gani kartoni 148 zilitolewa.

Lakini uamuzi huo haukusamehe kuthibitisha kwamba mali ilikuwapo. Mwaka 1980, katika shauri la Fuerst Day Lawson dhidi ya Orion, mapipa yaliyopaswa kuwa na mafuta ya manukato yalifika yamejaa maji. Mnunuzi alikuwa na bima ya hatari zote, na hakuna aliyemtuhumu kwa lolote, ila alishindwa kuonyesha kwamba mafuta yaliwahi kuwamo ndani ya mapipa pale safari ilipoanza. Akashindwa shauri. Miaka mingi baadaye, mwaka 2018, mahakama ya London ilirudia somo hilo katika shauri la Engelhart: makontena yaliyouzwa kama shaba yalikutwa na taka za kuyeyushia madini, na kwa kuwa shaba yenyewe haikuwahi kuwapo, jaji aliona kwamba hakuna kitu halisi kilichopotea, bali mnunuzi alitapeliwa kwa hati za kughushi. Bima ya shehena hukinga mali. Haikingi imani ya mnunuzi kwa muuzaji wake. Ukitaka kuona upande wa pili wa sarafu, soma shauri la Quadra, lililofika Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 2023. Huko nafaka ilihifadhiwa katika maghala nchini Ukraine, na stakabadhi za ghala zilitolewa kwa zaidi ya mnunuzi mmoja kwa nafaka ileile. Kampuni za bima zilidai kwamba huu nao ulikuwa utapeli wa makaratasi tu. Mahakama iliridhika kwamba nafaka iliwahi kuwapo kweli na ikatwaliwa isivyo haki, na mnunuzi akalipwa.

Wewe basi uko upande gani kati ya hizo mbili? Hati yako ya shehena, kama nyingi za makontena, bila shaka ina maneno kwamba mfungaji ndiye aliyepakia na kuhesabu, na kwamba kontena "linasemekana kuwa na" kartoni 600. Maneno hayo yanamwokoa mwenye meli, kwa kuwa yeye alipokea sanduku la chuma lililokwisha kufungwa, hivyo usiegemee hati hiyo peke yake. Wala lakiri nzima isikuvunje moyo, kwa maana lakiri huthibitisha tu kwamba lakiri haikukatwa. Wezi wa makontena wamejua siku nyingi kutoboa ribiti zinazoshikilia mpini wa mlango, kuufungua mlango huku lakiri ikining'inia mahali pake, kisha kurudishia ribiti mpya na kuipaka rangi. Kama kontena bado linaweza kupatikana, au kama mkaguzi alipiga picha za milango, ziangaliwe ribiti moja moja. Mkaguzi aliyeandika "lakiri nzima" bila kutaja ribiti hajamaliza kazi yake.

Ushahidi ulio bora kuliko yote kwako ni mizani. Tangu tarehe 1 Julai 2016, chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, hakuna kontena lililojaa linaloruhusiwa kupakiwa melini bila uzito wake uliothibitishwa kuwasilishwa. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya usalama wa meli, lakini imekuwa msaada mkubwa kwa walioibiwa. Umesema kila kartoni ina kilo 18. Kartoni 600 ni kilo 10,800, na ukijumlisha kontena tupu la futi 20, lenye kilo 2,200 hivi, unapata kilo 13,000. Kartoni 148 zikiondoka, zinapungua kilo 2,664, tofauti ambayo hakuna mizani ya malori inayoweza kuikosa. Tafuta kwa muuzaji uzito uliowasilishwa kabla ya kupakia, na uulize ulipatikanaje, kwa kuwa kanuni inaruhusu ama kupima kontena zima likiwa limejaa ama kujumlisha uzito wa kila kifurushi pamoja na wa kontena. Njia ya pili ni hesabu ya muuzaji mwenyewe na haitakusaidia sana. Ya kwanza ni ushahidi wa nguvu. Kisha tafuta uzito uliopimwa wakati wa kutoka yadini. Vipimo hivi viwili vikilinganishwa, vitajibu hoja ya kwanza ya kampuni na nusu ya hoja ya pili, maana vitaonyesha si tu kwamba mali ilikuwapo bali pia ilipotelea sehemu ipi ya njia. Ongeza ankara, uthibitisho kwamba bei yote ililipwa, tamko la forodha la nchi ya kutokea na picha za upakiaji kama zipo. Kipimo hapa ni cha madai ya kawaida, yaani kinachoelekea kuwa kweli zaidi; hutakiwi kuondoa kila shaka.

Siku 19 za yadini ndizo sehemu dhaifu niliyoitaja. Kifungu cha 8 cha masharti ya 2009 kinasema bima inaendelea katika mwendo wa kawaida wa safari hadi mzigo ushushwe kutoka kwenye gari katika ghala la mwisho lililotajwa, lakini inakoma mapema zaidi ikiwa mwenye bima ataamua kutumia ghala jingine, gari au kontena kama mahali pa kuhifadhia nje ya mwendo wa kawaida wa safari. Vyovyote iwavyo, inakoma siku 60 baada ya mzigo kushushwa kutoka melini katika bandari ya mwisho. Watu huzisoma siku hizo 60 kama ruhusa ya kustarehe. Sivyo, ni ukomo wa juu tu, na kinachotangulia kati ya matukio hayo ndicho kinachofunga bima.

Umeandika kwa uwazi kwamba siku za mwanzo zilikuwa za taratibu za forodha, na zilizofuata ulikuwa unatafuta fedha za ushuru. Siku za forodha hazina tatizo, kwa kuwa ni sehemu ya safari ya mzigo wowote unaovuka mpaka. Hizo nyingine zina ubishi. Wakili wa kampuni atasema kwamba kukosa fedha si ucheleweshaji ulio nje ya uwezo wako, na atakukumbusha kwamba kifungu cha 18 kinakutaka uchukue hatua kwa haraka inayostahili katika mambo yaliyo chini ya uwezo wako. Jibu langu ni kwamba kifungu cha 8 hakizungumzii kuchelewa kwa jumla. Kinazungumzia kuamua kuhifadhi. Mtu aliyeliacha kontena yadini kwa sababu ghala lake limejaa, au kwa sababu anasubiri bei ipande, ameamua kulitumia kama stoo. Mtu anayehangaika kulitoa na hajaweza, hajaamua hivyo. Tofauti hii naiona kuwa ya kweli na yenye nguvu, ila isimamishwe kwa vielelezo: barua kwa wakala wa forodha, maombi ya mkopo, maelekezo kwa mwenye lori kwamba awe tayari. Kama kuna ujumbe wowote ulioandika ukisema "liache kwanza huko, hakuna haraka", mwonyeshe wakili wako kabla upande wa pili haujaupata. Na mizani ikionyesha kwamba kontena lilikuwa pungufu tayari kabla ya siku hizo za ubishi, mjadala wote huu unakuwa hauna kazi.

Hoja ya dereva ndiyo nyepesi kuliko zote. Sheria ya 1906, katika kifungu cha 55, inaondoa hasara iliyoletwa na ubaya wa makusudi wa mwenye bima, na masharti ya A yanarudia hivyo. Dereva wa mchukuzi si wewe. Nadhani kampuni imechanganya bima ya hatari zote na zile hati za kale zilizotaja "wezi" kama hatari mojawapo. Huko kweli kanuni za tafsiri zilizoambatanishwa na sheria hiyo zilisema neno hilo halijumuishi wizi wa kificho wala wizi wa mabaharia au abiria. Ni katika ulimwengu huo wa hatari zilizotajwa kwa majina ndipo Shell ilipopata pigo katika shauri la meli Salem: mafuta ghafi yaliuzwa kwa siri Durban na wale waliokabidhiwa kuyabeba, meli ikazamishwa kwa makusudi karibu na pwani ya Senegal Januari 1980, na mwaka 1983 Baraza la Malodi likaamua kwamba utwaaji uliofanywa na mchukuzi mwenyewe haukuwa "kutwaliwa baharini" kulikokatiwa bima. Shell ililipwa kwa yale machache tu yaliyozama na meli. Hati yako si ya namna hiyo. Hata hivyo, pitia kurasa za nyongeza, kwani baadhi ya kampuni hupachika kifungu kinachotenga udanganyifu wa watu waliokabidhiwa mzigo. Kama kipo, ni kampuni inayopaswa kuthibitisha kwamba dereva aliiba. Kushuku hakutoshi.

Kuna jambo ulilolitaja pembeni ambalo mimi nalipa uzito. Wakala wako aliiandikia kampuni kwamba kontena lilifunguliwa siku ileile lilipofika, ingawa lilifunguliwa kesho yake, kwa kuogopa kwamba usiku mmoja ungeonekana vibaya. Zamani uongo mdogo wa namna hiyo ungeweza kuangusha dai zima hata kama dai lenyewe ni la haki. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Versloot, iliamua kwamba uongo wa pembeni, usiogusa haki ya kulipwa, hauuangushi mkataba wala dai. Hiyo ni ahueni, ila isikufanye ulale. Kama haki yako inasimama kwa ukweli, uongo huo ni wa pembeni. Lakini kampuni ikidai kwamba wizi ulifanyika usiku huo baada ya mzigo kushushwa ghalani, basi tarehe inakuwa kiini. Kwako kontena lilibaki juu ya lori hadi asubuhi, kwa hiyo kwa maneno ya 2009 bima ilikuwa bado hai, kwa sharti kwamba hukuamua kuligeuza lori kuwa stoo ya usiku. Sahihisha maelezo hayo leo, kwa barua ya wazi, kabla hayajakurudia wakati wa kuhojiwa mahakamani.

Nani wa kushitakiwa? Dai lako la msingi ni dhidi ya kampuni ya bima, na ukomo wa kuifungulia kampuni hiyo shauri chini ya sheria ya Uingereza ni miaka 6. Hapa ndipo wengi hunaswa, kwa sababu saa ya mchukuzi wa baharini hukimbia kwa kasi nyingine. Chini ya Kanuni za Hague-Visby, mojawapo ya mikataba ya kimataifa ya uchukuzi wa baharini, haki dhidi yake inakufa mwaka mmoja baada ya mzigo kukabidhiwa. Chini ya Kanuni za Hamburg, mkataba mwingine wa aina hiyo, ni miaka 2. Kifungu cha 16 cha hati yako kinakutaka uhakikishe kwamba haki zote dhidi ya wachukuzi zinalindwa, kwa kuwa kampuni ikikulipa itaingia mahali pako na kuwadai wao. Ukiiacha haki hiyo ife huku ukisubiri majibu, umeipa kampuni sababu ya nne ya kukataa au kupunguza malipo, na safari hii sababu nzuri. Gharama za kulinda haki hizo, zikiwa za lazima na za kiasi, kampuni inawajibika kukurudishia.

Umeogopa kwamba ulichelewa kumwarifu mwenye meli kwa maandishi. Hague-Visby inataka taarifa ndani ya siku 3 kwa upungufu usioonekana kwa nje, nawe ulipeleka siku ya tano. Kosa hilo haliui dai. Linaleta tu dhana kwamba mzigo ulikabidhiwa kama ulivyoelezwa, na dhana hiyo hupinduliwa kwa ushahidi, mizani ikiwamo. Usitazamie makubwa kutoka kwa mwenye meli, lakini, kwani dhima yake ina kikomo cha uniti 666.67 za hesabu za Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila kifurushi au uniti 2 kwa kilo, lipi lililo kubwa, na ikiwa upungufu ulitokea yadini au njiani kwa lori, huenda hahusiki kabisa.

Kampuni ya bima, kwa upande wake, haitabishana nawe juu ya bei ya soko. Hati yako ina thamani iliyokubaliwa, kwa desturi ya CIF asilimia 110 ya bei ya mkataba, na kama kartoni zote ni za thamani moja, unadai 148 kwa 600 ya kiasi hicho, yaani asilimia 24.67, ukitoa kiasi ulichokubali kujibebea mwenyewe kama kimeandikwa. Faida uliyoikosa kwa wateja walioondoka haimo humo.

Kuhusu mwenye lori, usisaini chochote. Barua aliyokuandalia, kwa jinsi ulivyoinukuu, inasema unapokea fedha hizo "kwa kumaliza madai yote". Ukiisaini, unaifuta haki ambayo kampuni ya bima ingerithi kwako, na itakata thamani ya haki hiyo katika malipo yako, pengine mara nyingi zaidi ya fedha ulizopewa. Kama anataka kulipa, apokee jibu kwamba malipo yoyote yatapokelewa kama sehemu tu ya deni na kwa idhini ya maandishi ya kampuni ya bima. Wiki hiihii mwandikie yeye, mwenye yadi na mwenye meli, kila mmoja kwa barua yake, ukiomba wakubali kwa maandishi kuongeza muda wa ukomo kwa miezi 6, na uipelekee kampuni nakala. Asiyejibu ndani ya siku 30, wakili wako aandae hati ya madai dhidi yake katika mahakama inayotajwa kwenye hati ya shehena au mkataba wa usafirishaji, maana kwa ukomo ule wa mwaka mmoja imebaki miezi 5 tu, na kuitambua mahakama iliyo sahihi peke yake kunaweza kula mmoja wake.